Safina, mkusanya takwimu aliyerudi kwa mtoto aliyefichwa siku ya kupimwa

Saa mbili na robo asubuhi, kwenye kibaraza cha nyuma cha shule moja ya msingi Izigo, wilayani Muleba, Safina Burhani anavua viatu, anatandika khanga kuukuu sakafuni na kukaa. Benchi ameletewa, lakini halitaki. Anasema mtoto anayekwenda kupimwa kusoma akilazimika kukutazama kwa kuinua shingo, nusu ya herufi zinamkimbia kabla hajaziona.

Mtoto wa kwanza anafika, msichana wa darasa la pili mwenye sweta la kijani lililomzidi mikono. Anaamkia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunong'ona. Safina anamjibu kwa Kihaya na kumuuliza leo amekunywa chai na nini. Kwa viazi, anasema mtoto, na sasa sauti inasikika. Ndipo Safina anapochukua karatasi yenye maneno na kuiweka katikati yao.

Mtoto anaweka kidole kwenye neno la tatu. Neno ni "mbuzi". Yeye anasoma "embuzi".

Safina hakunji uso wala hamrekebishi. Anagusa kishikwambi chake mara moja, anasubiri neno linalofuata.

"Kwa Kihaya mbuzi ni embuzi, nyama ni enyama," anaeleza baadaye, mtoto akiwa amerudi darasani. "Huyu ameliona neno, amelijua, akalitamka kama mama yake anavyolitamka jikoni. Sasa niambie wewe, amekosea kusoma, au amesoma kwa lugha mbili kwa mpigo?"

Anasubiri kweli, kana kwamba mwandishi wa habari anaweza kuwa na jibu.

Kuuliza ndiyo kazi ya Safina. Ana umri wa miaka 41, ni mkazi wa Rwamishenye katika Manispaa ya Bukoba, na kwa miaka tisa sasa amekuwa mkusanya takwimu wa watafiti wa elimu. Hana ofisi. Wahadhiri na wanafunzi wa shahada za juu humpigia simu wanapohitaji mtu anayejua njia za Muleba, anayejua Kihaya na Kiswahili, na ambaye watoto hawamwogopi. Hulipwa kwa siku, kati ya shilingi elfu thelathini na tano na elfu hamsini kutegemea mradi. Ipo miezi ambayo simu haiiti kabisa, na hapo hupanga mitandio na khanga mbele ya nyumba na kuuza.

Lugha mbili alizikuta nyumbani. Ukoo wa baba yake ulifika Bukoba na biashara kutoka pwani, vizazi kadhaa nyuma, na Kiswahili ndiyo lugha waliyoishi nayo. Mama yake ni Mhaya. Safina anasema utotoni alikuwa akigombezwa kwa kuulizauliza: kwa nini bibi upande huu anaita maharage hivi na bibi upande ule anayaita vile, kwa nini kahawa ya kutafuna haipikwi kama ya kunywa. Alimaliza kidato cha nne akitamani ualimu, alama hazikutosha. Alipopata kazi ya kwanza ya kupita nyumba hadi nyumba na dodoso, alimwambia mama yake kwamba amepata watu wanaolipia kile alichokuwa akichapiwa.

Lakini kazi ambayo watu wa Ijumbi, pia wilayani Muleba, wanamkumbuka nayo haikuwemo kwenye dodoso lolote.

Ilianza miaka miwili iliyopita. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aitwaye Datius alimwajiri kwa utafiti ambao kichwa chake, Safina anakiri, aliomba aelezwe mara mbili. Kwa maneno mepesi, Datius alitaka kujua jambo moja: mwalimu anapopimwa kazini kwa kuangalia wanafunzi wake wangapi wanajua kusoma Kiswahili, je, wale watoto wenye ugumu wa kujifunza wananufaika au wanaumia? Na hasa mahali kama Muleba, ambako mtoto anaanza shule akiwa na Kihaya mdomoni na Kiswahili anakikuta darasani.

"Nilipoelewa, nikakaa wima," anasema Safina. "Nilikuwa nimepima watoto miaka yote hiyo, sijawahi kusikia mtu anauliza na mwalimu anapimwaje."

Moja ya shule zilizochaguliwa ilikuwa Ijumbi. Darasa la tatu lilikuwa la Mwalimu Avit Rutaihwa, wanafunzi zaidi ya tisini katika chumba kimoja. Safina alikaa kibarazani kama kawaida yake, watoto wakaja mmoja mmoja. Kufikia mapumziko alikuwa ameingiwa na mshangao. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kabisa. Wengine walisota, wengine walikisia, lakini kila mtoto alisoma kitu.

Katika uzoefu wake, hakuna darasa la namna hiyo. Kila mahali huwa wapo wachache ambao karatasi kwao ni kimya tupu, na hawajawahi kukosekana, mjini wala shamba. Anasisitiza kwamba hakumshuku mwalimu. Alimwonea wivu. Alimfuata akamwomba amfundishe mbinu anayotumia kwa watoto wazito, ili awaambie wengine. Mwalimu Avit alitazama chini, akasema wanajitahidi tu, kisha akaondoka kwenda kugonga kengele.

Wakati wa mapumziko Safina alitafuta chai. Nyuma ya shule, ng'ambo ya kijia, palikuwa na kibanja cha migomba na mibuni, na nyumba yenye moshi unaotoka jikoni. Mwenye nyumba, Mama Gaudiosa, alimkaribisha. Pembeni ya ungo wa maharage mabichi alikaa msichana aliyevaa sketi ya shule, anapukuchua.

Safina aliuliza kama mtoto anaumwa. Mama Gaudiosa akasema hapana, mzima. Ni mwalimu aliyewaambia jana kwamba leo wanakuja wageni wa kupima kusoma, kwa hiyo Joviana apumzike nyumbani. Alisema bila kificho, kama mtu anayeeleza kwamba leo si siku ya soko.

"Mimi sijui kusoma," mtoto mwenyewe akaongeza. "Wanakwenda wanaojua."

Joviana alikuwa na miaka tisa. Mama yake ametupa ridhaa ya kumtaja, na Joviana mwenyewe alitaka kwanza kujua kama jina lake litaandikwa vizuri.

Chai ilipokuwa inachemka Safina akamwomba amsimulie hadithi yoyote. Kilichofuata, anasema, kilimfanya asahau chai yenyewe. Mtoto alisimulia habari ya mwewe aliyemkopesha kuku sindano, akawapa wote sauti zao, akahama kutoka Kiswahili kwenda Kihaya pale mwewe alipokasirika na kurudi Kiswahili kuku alipojitetea. Hakupotea hata mahali pamoja. Alipoulizwa maswali alijibu na kuongeza.

Kwa hiyo si lugha, Safina akajiambia. Wala si akili. Akaokota kijiti, akachora herufi chache kwenye vumbi. Joviana alitaja ya kwanza, akataja ya pili, kisha akaanza kusitasita na kufinya macho.

"Zikitulia nazijua," alisema. "Zikianza kugeuka, nazipoteza."

Kanuni ya utafiti ilikuwa wazi: wanapimwa watoto waliopo shuleni siku hiyo. Safina alinywa chai, akashukuru, akarudi kibarazani kumaliza kazi. Lakini njiani kurudi Bukoba jioni ile hakuwa akimfikiria Joviana peke yake. Alikuwa akimfikiria kaka yake.

Uledi ni fundi seremala Rwamishenye. Vitanda na makabati yake yamo katika nyumba nyingi za mtaa ule. Hajui kusoma. Aliacha shule darasa la tano baada ya kurudia madarasa na baada ya fimbo nyingi, za walimu na za baba yao, mtu aliyependa vitabu na aliyeamini kwamba mtoto wake wa kiume anafanya ukaidi. Uledi anapima mbao kwa jicho na hakosei, lakini jina la mteja hulihifadhi kichwani.

"Baba alikufa akiamini nilimkatalia kwa makusudi," Uledi alimwambia mwandishi, akiendelea kupiga msasa mguu wa meza.

Siku iliyofuata Safina alimpigia simu Datius na kumweleza alichokiona. Datius alifurahi. Hilo ndilo hasa alilokuwa akilitafuta, alisema: mwalimu anayepimwa kwa wanaosoma anawaondoa wasiosoma. Aliahidi kwamba hakuna shule wala mwalimu atakayetajwa. Safina akauliza na yule mtoto je. Datius akamwambia mapendekezo yatakuwemo kwenye ripoti.

"Nikamuuliza ripoti itatoka lini. Akasema miaka miwili, pengine mitatu. Nikapiga hesabu. Joviana atakuwa darasa la sita."

Jumamosi ile Safina alipanda gari la Muleba kwa nauli yake mwenyewe, akachukua bodaboda hadi Ijumbi. Hakwenda kwa Mama Gaudiosa. Alikwenda kwanza kwa Mwalimu Avit, kwa sababu, anasema, kumzunguka mwalimu na kumfuata mwanafunzi wake nyumbani kungekuwa kumvunjia heshima, na mtoto ndiye angelipa.

Mwalimu alikuwa akipogoa majani makavu ya migomba. Alipomwona tu, akaegesha panga ukutani. Alidhani amekuja kumshtaki.

Avit, mwenye umri wa miaka 36, amekubali jina lake litumike. Anasema ameshayaeleza haya mbele ya wakubwa zake, hana tena cha kuficha. Siku ile alimwambia Safina jinsi mambo yalivyo: kila mwaka mwalimu wa madarasa ya chini anapimwa utendaji wake, na kinachoangaliwa kwanza ni asilimia ya wanaosoma. Darasa likishuka, mwalimu anaitwa kueleza. Hakuna anayemuuliza ana watoto wangapi chumbani, wala wangapi kati yao walianza kusikia Kiswahili kwake. Wageni wowote wanaokuja na karatasi, kwa mwalimu, ni watu wa kupima tu. Hakujua tofauti ya mtafiti na mkaguzi.

"Nilikuwa na watoto watano namna ya Joviana," alituambia. "Sikuwa nawachukia, jamani waitu. Niliwafundisha, nikashindwa, nikaona aibu. Mtu anaficha anachokionea aibu."

Safina alimwambia hakuja kwa ajili ya hayo. Alitaka chumba cha darasa siku za Jumamosi, ruhusa ya mzazi, na mwalimu mwenyewe awepo.

"Utanilipa nini?" Avit aliuliza.

"Sina. Ila nataka kujua kwa nini zinageuka. Wewe hutaki kujua?"

Avit anakumbuka kwamba swali lile lilimkera siku nzima. Alitoa ufunguo wa darasa. Yeye mwenyewe hakutokea, si Jumamosi hiyo wala zile kadhaa zilizofuata. Alianza kuja siku moja ya mvua, akasimama mlangoni kama aliyejikinga tu, akabaki hadi mwisho.

Mwanzo haukuwa mzuri. Safina si mwalimu, na anasema alikosea mengi. Alimrudisha Joviana kwenye herufi zilezile mpaka mtoto akalia. Alijaribu kuandika kwa mkaa, kwa chaki, kwa kidole kwenye majivu. Alisoma alichoweza kupata kwenye simu. Jumamosi moja Joviana alitambua "b" mara zote, Jumamosi iliyofuata akaiita "d" mara zote, na Safina akarudi Bukoba akijiuliza kama anampotezea mtoto siku yake ya kucheza.

Ni Uledi aliyebadilisha mambo, naye hakukusudia. Dada yake alimsimulia kuhusu mtoto wa Ijumbi, na Uledi, ambaye hakuwahi kuzungumzia shule tangu aiache, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Kiti nikikigeuza kinaangalia dirishani, bado ni kiti. Nikikilaza, ni kiti. Mbona herufi ukiigeuza wanasema imekuwa nyingine? Hilo hakuna aliyenieleza hata siku moja. Walinichapa tu."

Safina anasema alikaa na maneno yale siku mbili. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitazama jambo upande huo. Kila kitu ambacho mtoto amewahi kukishika duniani, kikombe, jembe, kuku, kinabaki kilekile hata kikielekea wapi. Herufi peke yake ndiyo inayobadilika jina ikigeuka, na hakuna anayemwonya mtoto.

Akamwomba kaka yake amchongee herufi za mbao. Uledi alikata mabaki ya mninga, akafuata michoro aliyochorewa, na alipomaliza wakagundua kichekesho: "b" ya mbao ukiipindua inakuwa "d". Hakukuwa na namna ya kuzitofautisha. Walicheka wote wawili, kisha Uledi akapata jibu kwa njia ya ufundi wake. Upande wa mbele aliupiga randa na msasa mpaka ukawa laini kama yai. Upande wa nyuma akauacha na magamba yake, unakwaruza.

"Macho yakikudanganya, kidole kitakuambia," anasema Uledi.

Joviana alizipokea herufi zile kwa mikono miwili. Safina akamfundisha kupitisha kidole upande laini, akitamka sauti, na kuanza na maneno anayoyajua kwa Kihaya kabla ya kuyavusha kwenda Kiswahili: embuzi, kisha uondoe "e" ya mwanzo, inabaki mbuzi. Mwalimu Avit, ambaye sasa alikuwa akikaa dawatini kama mwanafunzi, alisema hajawahi kufikiria kwamba ile "e" aliyoifuta kwa wino mwekundu miaka yote ingeweza kuwa mlango.

Haikuwa miujiza. Ilichukua miezi kabla Joviana hajasoma neno zima bila kugusa mbao. Lakini siku alipolisoma, anasema mama yake, alikuja mbio nyumbani, akachukua kijiti na kuliandika kwenye udongo mbele ya mlango, na hakuruhusu mtu kulikanyaga mpaka mvua ilipolichukua.

Mwaka mmoja baada ya upimaji wa kwanza, Datius alirudi kwa awamu ya pili. Safari hii Joviana alikuwepo darasani. Avit, aliyekuwa amepanda na darasa lake hadi la nne, hakumwambia abaki nyumbani, wala hakuwaambia wale wengine wanne. Joviana alisoma maneno machache, polepole, kidole kikitembea hewani. Datius akamuuliza ni nani aliyemfundisha, naye akamwonyesha Safina.

Hapo ndipo kazi ya Safina ilipotikisika. Kwa kanuni za utafiti, anayepima haruhusiwi kubadilisha kile anachokipima. Shule ile ilibidi iondolewe kwenye matokeo. Kazi ya mwaka mzima ya Datius mahali pale ikapotea. Mradi ulipofungwa, wasaidizi wote walifanyiwa tathmini, na ya Safina ilisema kwamba ni mwaminifu, anaelewana na watoto, lakini anavuka mipaka ya kazi yake. Mradi uliofuata hakuitwa. Miezi minane ilipita akiuza mitandio.

"Tulikuwa tunatafiti namna watu wanavyopimwa kazini," anasema Safina, na anatabasamu kidogo. "Nami nikapimwa. Nilitaka kujua inauma vipi, nikajua."

Je, tathmini ile ilikuwa ya haki? Anasema ndiyo, ilikuwa ya kweli. Alivuka. Datius alimwajiri kuhesabu, si kufundisha, na hakumficha kanuni. Kinachomsumbua ni kwamba karatasi ilikuwa na nafasi ya kuandika amevuka, haikuwa na nafasi ya kuandika amevuka kwenda wapi.

Datius, ambaye sasa anafundisha chuoni mkoa mwingine, alizungumza nasi kwa simu. Hakukwepa. Alisema angeandika vilevile leo, kwa sababu utafiti usiofuata kanuni haumsaidii mtoto yeyote. Kisha akaongeza kwamba katika tasnifu yake, sura inayohusu watoto wanaofichwa siku ya kupimwa ndiyo inayosomwa zaidi, na sura ile ilianzia kwa Safina.

"Mimi niliona mfano wa tatizo," alisema. "Yeye alimwona Joviana. Kazi zote mbili zinahitajika, ila siku hizi najiuliza kwa nini tuliziweka ziwe za watu wawili tofauti."

Kwa Mwalimu Avit pia gharama ilikuwepo. Mwaka ule watoto wake wote walipohesabiwa, asilimia ya darasa ilishuka. Aliitwa kujieleza. Anasema aliingia ofisini na herufi za Uledi ndani ya mfuko wa sukari, akazimwaga mezani na kumwomba aliyemwita afumbe macho, aguse. Hakupandishwa alama. Lakini aliulizwa maswali, na kwa miaka kumi na moja ya kazi, anasema, hiyo ilikuwa mara ya kwanza tathmini yake kuwa mazungumzo.

Jumamosi iliyopita mwandishi alikwenda Ijumbi na Safina. Joviana yuko darasa la tano sasa, amerefuka, sketi imeishia juu ya magoti. Alileta kitabu cha shule, akakaa kizingitini na kuanza kusoma aya moja. Alisoma taratibu. Kwenye neno "alipodondoka" alikwama, akarudi nyuma, akalikata vipande, akalipita. Wenzake wangekuwa wamemaliza ukurasa. Alipofika mwisho hakusubiri kuulizwa: alieleza habari nzima kwa maneno yake, kisha akasema mwandishi wa kile kitabu hakueleza kwa nini yule mzee alikuwa njiani mapema vile, na kwamba yeye angeeleza.

Mama Gaudiosa alikuwa akimenya ndizi za mchana, anasikiliza huku hatazami. Anasema zamani jirani walimwambia mtoto wake ni mzito wa kichwa, naye akakubali, kwa sababu waliosema walikuwa wamesoma. "Nilikuwa namsikia anavyosimulia, nikawa najiambia huyu si mzito. Lakini nani angenisikiliza mimi?"

Darasani, watoto wengine kumi walikuwa wakisubiri. Wengine wametoka vijiji vya jirani, wazazi wamesikia. Si wote wana tatizo la Joviana. Mmoja, Safina aligundua, hasikii vizuri sikio moja na alikuwa amekalishwa nyuma. Wawili hawana ugumu wowote isipokuwa Kiswahili kuwa kigeni masikioni mwao; hao, Avit anasema, wanasogea haraka ukiwapa muda. Kila mmoja Safina humsikiliza akisimulia kwanza kabla ya kumwonyesha herufi. Anasema hapo ndipo unapojua unatafuta nini.

Kazi za watafiti zimeanza kurudi. Huu wa Izigo ni mradi wa watu wengine, wa maneno mangapi mtoto anasoma kwa dakika. Kanuni anazifuata. Hafundishi mtoto yeyote anayempima, na Izigo hatarudi Jumamosi mpaka mradi uishe. Ameahidi hivyo, na anasema ahadi hiyo inamnyima usingizi kidogo. Ila kila asubuhi, kabla hajatandika khanga yake, humuuliza mwalimu swali ambalo halimo kwenye kishikwambi: nani hajaja leo, na kwa nini?

Wengine hujibu mara moja. Wengine hutazama pembeni, na Safina hutabasamu na kusema hakuna neno, anauliza tu.

Mwezi wa tisa anatarajia kuanza mafunzo ya elimu maalumu kwa ngazi ya cheti. Atakuwa, kwa makadirio yake, mwanafunzi mzee kuliko wote chumbani. Ada ya muhula wa kwanza imetimia, nusu kwa mitandio na nusu kwa kabati moja la Uledi, ambaye alimkabidhi pesa zake bila hotuba yoyote. Avit ameomba kwa kamati ya shule chumba kile kiwe cha Jumamosi moja kwa moja, na wamekubali kwa mwaka mmoja, waone.

Tulimuuliza kwa nini asitosheke na alichokwisha kufanya, kwani hata bila cheti watoto wanakuja. Safina alikuwa akipanga herufi za mbao, zile laini zikitazama juu. Alijibu huku akiendelea kuzipanga.

"Joviana nilimpata kwa bahati. Nilikuwa napita tu. Nataka wengine niende kuwatafuta kwa makusudi, na nikiwapata, nijue la kufanya."